Bangili Iliyosema Rozalia Anaogelea

Jumanne saa nane mchana, Rozalia alikuwa akitandaza dagaa kwenye kichanja cha kukaushia pale mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa, maji yakaanza kumtoka katika mkono wa blauzi. Akadhani ni jasho. Dagaa mzima alipodondoka kutoka kiwikoni na kurukaruka juu ya wavu, akajua si jasho. Akamsubiri atulie, akampanga pamoja na wenzake.

Chanzo kilikuwa bangili ya mradi. Wiki hiyo watafiti wa afya waliwavisha wanakikundi ishirini wa pale mwaloni bangili nyeusi za mpira, zinazotambua mvaaji anafanya nini na kuandika kwenye simu yake. Ijumaa angekuja mtaalamu wa viungo, na nafasi za kutibiwa zilikuwa sita tu, za wale ambao bangili ingesema kazi inawaumiza. Rozalia aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Tangu masika bega lake la kulia lilikuwa halipandi. Kula alikula, kuanika alianika, ila kuchana nywele zake mwenyewe hakuweza, na jambo hilo lilimtia simanzi kuliko alivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Bangili ilijua mambo matano: kukaa, kutembea, kukimbia, kuogelea na kulala. Kuanika dagaa haikukujua. Mkono unaorushwa mbele na kurudi, kutwa nzima, ikauona ni wa muogeleaji. Kwenye simu kikatokea kijitu cha buluu kinachokata maji, na chini yake maneno: Rozalia anaogelea. Hongera! Ziwa lilikuwa hatua sabini tu kutoka pale. Lilipopata habari kwamba limeandikiwa mtu ambaye hayumo ndani yake, likaona vibaya, likamfuata.

Spesiosa, Mrundi wa kichanja cha pili, akamsogezea beseni. Yeye alikuwa mchambuaji wa dagaa, husimama tangu asubuhi akisogeza vidole tu, na bangili yake iliandika kwamba amelala. Kwa hiyo alikuwa akikoroma macho wazi, na wateja walingoja mkoromo uishe ndipo waulize bei. Mwenyekiti wa kikundi, Gervasi, hakuanika wala hakuchambua. Alikaa kwenye stuli akijipepea na kipande cha boksi, na bangili ikasema anakimbia. Stuli ikawa inamzungusha mwalo mzima kwa mbio, naye akiwasalimia watu kila anapopita.

Jumatano alikuja Bonaventura, mtafiti kijana wa mradi. Akaamkia, akavua viatu, akasimama kwenye dimbwi la Rozalia.

"Mwanangu, niandikie tu kwamba naanika dagaa," Rozalia alimwambia.

"Mama, orodha ya mambo matano ilishapitishwa kwenye kikao. Na kuanika hakuna picha yake." Bonaventura aliinamia simu. "Ila kuna kitufe cha Sahihisha."

Kitufe cha Sahihisha kilifungua mambo yale yale matano. Rozalia akabonyeza kukimbia, akiona walau kunafanana na kazi. Miguu ikamchukua bila kumuuliza, ikapanda naye hadi Gungu na kumfikisha mlangoni kwa fundi cherehani ambaye hakuwa na haja naye, akarudi kwa bodaboda. Akabonyeza tena kuogelea. Kuivua bangili hakuthubutu, maana anayevua anafutwa kwenye orodha.

Ijumaa mtaalamu akasoma majina. Wa kwanza alikuwa Gervasi, kwa kukimbia kilomita mia tatu bila kupumzika. Spesiosa alishauriwa apunguze kulala, atafute cha kufanya. Rozalia alipojaribu kuonyesha bega, mtaalamu aliitazama simu. "Mama, umeogelea mpaka Mwamgongo na kurudi mara mbili," alisema kwa upole. "Bega hili ni zima." Akampa cheti na kofia ya kuogelea. Rozalia aliumia rohoni, lakini akasema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Orodha nyingine ingetoka baada ya miezi sita, kwa hiyo bangili zikabaki mikononi. Mbalamwezi ilipoingia, wavuvi wakavuta vyombo vyao nchi kavu kama kawaida, kwani taa haivuti dagaa mbele ya mwezi. Vichanja vyote vikawa vitupu isipokuwa cha Rozalia, aliyeanika dagaa waliomtoka mwenyewe. Bwana mmoja wa leseni za uvuvi alikuja kumuuliza Rozalia chombo chake kina urefu gani. Akaupima mkono wa Rozalia kwa futi kamba, akaandika, akaaga.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Rozalia alikaa kwenye kigoda mbele ya Spesiosa na kumpa kitana.

"Bado bega halipandi?" Spesiosa aliuliza.

"Bado."

"Ego, sawa," alisema Spesiosa, akaanza kumchana taratibu, akikoroma. Katika nywele walitoka dagaa wawili. Wakawaanika.