Dakika Kumi za Ganzi

Nesi wa chumba cha vipimo vya kibofu alikuwa amechoka kumezea. Boksi la jeli ya ganzi limeandikwa kwa herufi kubwa: subiri dakika kumi. Lakini daktari, kila siku ya Mungu, akishammiminia mgonjwa jeli kwenye njia ya mkojo, hapo hapo anashika mrija wa kamera.

Leo zamu ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mzee wa watu, aliyelala chali kitandani.

"Daktari, hata dakika moja haijaisha," nesi alisema.

"Dada, foleni imefika getini. Ni usumbufu kidogo tu."

Kidogo kwa nani? Mrija ulipoingia, mzee aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akang'ang'ania ukingo wa kitanda, machozi yakamtoka mbele ya daktari kijana wa umri wa wanawe. Nesi akampa mkono aushike.

Kazi ilipokwisha, daktari alimsukumia nesi fomu atie sahihi. Fomu hizo zilikuwa zimechapwa bunda zima tangu asubuhi, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajavua viatu: "Mgonjwa amevumilia vizuri, hakulalamika."

"Uongo mimi sisaini," nesi alisema. "Aliyeumia huyu hapa, asaini yeye."

Mzee alijifuta macho, akavaa miwani, akasoma boksi la jeli, kisha fomu. Akaomba koti lake, akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Ile sentensi akaipiga alama kubwa ya kosa, na pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni, akamwandikia daktari: "Sufuri. Hukusoma maagizo."