Mtandio wa Dorota

Mwezi wa tatu, maji ya bwawa yalipofunguliwa, wanakijiji waliingia topeni na vikapu kuokota samaki. Bwana Hynek alikuwa ameketi katikati kama kila mwaka, samaki wawili wakirukaruka ndani ya kofia yake ya chuma. Alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita.

"Miaka yote hiyo na bado hujajifunza kukaa kando!" Machna, mmoja wa wanawake, alimwambia, akimsogeza mguu.

"Dorota yuko wapi?" Bwana Hynek aliuliza.

"Nipo, Bwana," Dorota aliitika. "Umekalia kikapu changu."

Siku ya vita aliyofia, Bwana Hynek na wenzake walikuja na farasi mia tano. Wanakijiji walikuwa wameziba njia ya juu ya tuta la bwawa kwa mikokoteni, farasi wakakosa pa kupita. Basi mabwana wakashuka, wakakatiza kwenye bwawa lililokaushwa, ambako wanawake walikuwa wametandaza mitandio yao juu ya tope. Vile vyuma vya kisiginoni, vya kumchomea farasi, vikanasa kwenye vitambaa. Aliyeanguka na deraya yake nzito ya chuma hakuinuka tena. Wakulima wakashuka na fimbo zao za kupuria ngano, wakafanya kazi waliyoizoea.

"Mtandio si silaha," alisema Bwana Hynek. Ule wa Dorota, mwekundu, ulikuwa bado umemzunguka kisigino. "Niombe radhi, nikalale."

Mwaka huu msimamizi wa bwawa alikuja pia, kwa kuwa bwawa lilikuwa mali ya mpwa wa marehemu.

"Mama, neno moja tu. Ukikataa, hicho kikapu unakiacha, na mwakani usikanyage hapa."

Dorota alikitazama kikapu, ambacho alikuwa amekwisha kukichomoa chini ya Bwana Hynek na kukijaza samaki. Kilikuwa chakula chake cha Kwaresima nzima.

"Bwana Hynek, asubuhi ile ulipita kwangu kwanza. Ukachoma ghala. Mwanangu Matouš alikuwa ndani, ana homa."

Bwana Hynek alijitahidi kukumbuka. "Tulichoma mengi. Lako lilikuwa lipi?"

"La paa la matete."

"Yote yalikuwa ya matete."

"Ghala ni mambo ya vita, mama," msimamizi alimweleza kwa upole. "Mtandio ndio aibu."

Dorota alimmiminia Bwana Hynek samaki wote mapajani. Kisha akainama, akauona mtandio umelegea, akaukaza kwa mafundo mawili.

"Siombi radhi," akasema.