Makombora Ishirini Bila Baruti

...usipumue, Prokhor, ubao huu wa nyuma wa lori ukipinda sasa hivi basi tena, maonyesho ya mifano ya magari ya vita ni kesho saa tatu, nimeubana kwa kibano na gundi haijashika, Taisiya Lvovna ameinama upande wa pili, kidole chake kimegusana na changu, lori lenyewe la plastiki halizidi kiganja, na mimi mtu mzima wa miaka sitini na minne, fundi wa tramu mstaafu, moyo unanienda mbio, nyuma yetu Radik anakunywa chai ya klabu na kuropoka, "Chelyabinsk nzima inatengeneza mizinga, nyie mnatengeneza punda wa kuibebea mizigo!", mwache aseme, babu yake aliyeiunda ile ya kweli wakati wa vita, hapa hapa mjini, angemwambia, mzinga wa kujiendesha, ule unaotambaa kwa minyororo kama kifaru, unabeba makombora ishirini tu, yakiisha ni chuma kinacholingoja lori, na ishirini hayo nimeyachonga mwenyewe, majira yote ya baridi, kila moja na mkanda wake wa shaba kiunoni... "Hebu ngoja," Radik yuko begani kwangu sasa, ananuka vitunguu, "baruti iko wapi?" ...baruti... mama yangu, baruti! kombora la mzinga huu huingia peke yake, baruti hufuata nyuma ndani ya kopo lake la shaba, mtoto wa chekechea mji huu anajua, ishirini na ishirini, nami nimechonga ishirini tu, "Mtawatupia Wajerumani kwa mkono?" anacheka mpaka chai inamwagika, na sina pa kukimbilia, kibano hakiachiki, nilikuwa wapi mimi? nilikuwa namtazama yeye, kila Jumamosi akipaka rangi magurudumu akili yangu inakwenda likizo, mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, Radik mwenyewe anajua, na bado miaka minne ni Taisiya Lvovna hivi, Taisiya Lvovna vile, jina na jina la baba kwa heshima zote kama tuko ofisini, sijathubutu lile fupi la nyumbani, na leo nimemwaibisha... "Radik, kunywa chai yako," anasema Taisiya Lvovna, na kwa mkono ulio huru anatoa mfukoni kikopo cha peremende, anakifungua kwa kidole gumba, na ndani makopo ya baruti, ya shaba, ishirini, yamekatwa sawasawa, "Niliona tangu Januari, Prokhor Ilyich, nikasema nikikwambia hutalala," tangu Januari! kimya kimya, na mimi bwege namletea pai za kabichi na kuzungumzia hali ya hewa... ngoja, shaba hii naijua, mrija huu mwembamba, ni antena, antena ya redio ya marehemu mumewe, ile ya dirishani, ambayo hata vumbi haruhusu mtu aifute, ameikwangua, ameikata vipande ishirini kwa ajili ya lori langu, letu, lori letu, Bwana wee, nina furaha, nasema wazi, furaha ya kutaka kuimba humu humu mbele ya Radik, gundi bado, chai inachuruzika mezani, theluji ya Machi inaporomoka kutoka paani, yote kama yalivyokuwa, ila aliyekata antena ile hawezi tena kuwa Taisiya Lvovna kwangu, sema, Prokhor, sema sasa, ukingoja kesho utangoja miaka minne mingine, "Tasya," na sauti imetoka kama si yangu, na yeye hainui macho, mashavu tu ndiyo yamewiva, "Nipo, Prosha... usitikise mkono."