Buluu ya Nyota Changa

Kazini walimwita Mama Rangi, kwa kuwa darubini huleta picha nyeusi na nyeupe, na yeye ndiye anayezivisha rangi. Waridi panapozaliwa nyota, buluu kwa nyota changa zenye moto mkali, manjano kwa vikongwe. Ilikuwa wiki ya kwanza tangu amzike mumewe. Watu walimpa pole, naye akaitikia "nimeshapoa," ikaishia hapo. Hakulia msibani, hakulia kaburini. Mwili ulikuwa ganzi tupu. Hata chai ilimuunguza ulimi asihisi.

Asubuhi hiyo alipewa galaksi ya mbali mno, yenye mikono iliyojizungusha, ambayo sifa yake yote ni uzazi: nyota zinazaliwa humo kila kona. Akaipaka manjano tele. Msimamizi alipoiona, alikuna kichwa.

"Mama Rangi, mbona umeizeesha? Hii ni wodi ya wazazi, wewe umeifanya kijiwe cha wastaafu!" Kisha akakumbuka anasema na nani, akashusha sauti. "Samahani, dada. Picha inatakiwa leo. Nitampa mwingine, wewe nenda nyumbani ukapumzike."

Ndugu walikuwa wameshatawanyika, na kukaa peke yake sebuleni ndicho kitu pekee alichokiogopa.

"Niachie mpaka alasiri," alisema. "Nikishindwa nitakwenda."

Akaifuta, akaanza upya. Akaweka waridi, akaweka buluu, akaitazama asijue imependeza au imeharibika. Macho yaliona, moyo haukusema kitu. Basi akafanya alivyofanya miaka yote akikwama: akaituma kwenye simu ya mumewe. Mume huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jibu lake halikubadilika: "Ongeza buluu, mke wangu, moto haujakolea huo." Hata picha ya mwezi aliitakia buluu.

Picha ilikuwa nzito, ikachelewa kwenda. Akangoja, akaanza kununa. Huyu naye, akishika kazi hasikii simu!

Mlio ukatoka mkobani mwake mwenyewe, chini ya meza. Simu ya marehemu alikuwa akitembea nayo yeye, apokee rambirambi.

Ganzi ikamtoka kwa mpigo mmoja, akaumia vibaya sana.

"Vipi, imekamilika?" msimamizi aliuliza mlangoni.

"Bado," alisema, machozi yakimdondokea mikononi. "Hajanijibu."

Msimamizi hakuuliza nani. Alivuta kiti akakaa, wala hakumwambia tena aende nyumbani.