Msumeno wa Nyuma ya Shule

Mwalimu Gedion Kosgei alikuwa mtu wa kupangusa viatu. Muulize yeyote pale Elburgon atakwambia: hata masika, malori ya magogo yakiwa yameichimba barabara ya msituni mpaka mbuzi anazama, Mwalimu atafika shuleni viatu vinang'aa na kitambaa kimekunjwa mfukoni. Sisemi ni vibaya kuwa msafi. Nasema tu uliweke hilo akilini, maana yaliyompata siku ya wazazi yalianzia hapo hapo, kwenye kuogopa vumbi.

Alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari upande wa msitu, na mwaka huo alikuwa ameunda kitu cha ajabu. Juu ya bamba zito la saruji aliweka taa ya leza, kioo cha kugawa mwanga, na vioo viwili vya kuurudisha. Mwanga uligawanyika, kila nusu ikaenda upande wake na kurudi, kisha zikakutana na kutupa ukutani mistari ya mwanga na giza. Kioo kimoja kikisogea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kabisa, mistari inahama. Akaunganisha na spika alizoazima kanisani, ili mistari ikitetemeka watu wasikie. Ukikanyaga sakafu karibu na meza, spika inanguruma.

Darasani alieleza vizuri, na hapo simnyimi haki yake. Alisema kwamba nyota mbili zilizokufa, nzito kupita akili, zikizungukana mpaka zikagongana, hutikisa anga lenyewe, na mtikiso huo husafiri miaka mingi sana hadi kutufikia ukiwa umefifia. Ng'ambo kuna mitambo ya kuusaka, kila mkono wa mtambo una urefu wa kilomita nne. Wimbi likipita, mkono huo hurefuka na kufupika kwa kipimo kidogo mara maelfu kuliko protoni, ile chembe iliyo ndani ya kiini cha atomu. Wanafunzi wakauliza, sasa kwa nini watu wahangaike kupima kitu kidogo hivyo? Akawajibu kwamba kila kitu duniani kinatikisika, lori, upepo, hata ng'ombe akikanyaga, na usipojua kila mtikiso umetoka kwa nani, utamsalimia ng'ombe ukidhani ni nyota. Ndiyo maana hata wale wa ng'ambo hawaamini mtambo mmoja. Wanangoja mwingine ulio mbali nao useme vilevile. Hiki chetu, alimalizia, ni cha kuonyesha tu, wimbi la angani hakiwezi kulishika hata kidogo.

Maneno mazuri. Laiti angeyakumbuka.

Elburgon ni mji wa misumeno. Asubuhi unaanza kulia mmoja, mingine inaitikia, na mpaka jioni ardhi haitulii. Kwa hiyo kabla ya siku ya wazazi, Gedion alivaa suti akazunguka mji mzima kuomba mashine zizimwe saa ile ya maonyesho. Kwetu hilo si ombi dogo, maana misumeno huzimwa pamoja mtu mkubwa anapopitishwa kwenda kuzikwa, basi. Alianza kwa Bwana Ashok, ambaye babu yake alipasua mbao pale kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ashok akakubali kwa heshima ya mwalimu aliyemfundisha binti yake Vimla, na wengine walipoona Ashok amekubali wakafuata. Hata Kipsang wa posho mill, kile kinu cha kusaga unga, alikubali. Mwalimu aliwapitia wote, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Kipkoech, ndugu yake mkubwa, wa baba mmoja na mama mmoja.

Kipkoech alikaa kwenye boma lao la zamani, bondeni nyuma ya shule, ng'ambo ya shamba la miti ya saiprasi lililomeza mlio wa mashine usifike shuleni, ijapokuwa mtikiso ulipita ardhini. Alikuwa na msumeno wa meza unaozungushwa na trekta kuukuu kwa mkanda mrefu. Baba yao alipofariki, msumeno huo ndio uliomsomesha Gedion mpaka chuo kikuu, na vidole viwili vya Kipkoech vilibaki hapo hapo mezani. Mkanda ulikuwa na tabia yake: ukiwasha, mlio unaanza chini, unapanda, unateleza kidogo kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, halafu unapanda mpaka juu. Gedion alilala na kuamka na mlio huo utoto wake wote.

Kwa nini hakumpitia? Nitakwambia, kwa sababu yeye mwenyewe hatakwambia. Huwezi kwenda kwa ndugu yako ukamwambia azime kazi yake kwa ajili ya sherehe yako, halafu usimwambie njoo. Na Kipkoech angekuja. Angekuja na gamboti zake na unga wa mbao masikioni, akae kiti cha mbele karibu na afisa wa elimu, acheke kile kicheko chake cha kusikika barabarani, amwambie afisa kwamba huyu nimemlea mimi. Gedion alipowaza hivyo alihisi joto shingoni. Akajiambia kwamba siku hiyo Kipkoech huwa anaenda Molo kutafuta dizeli. Alijua anajidanganya, na akaendelea kupangusa viatu.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wazazi, afisa wa elimu akakaa mbele, na mtu wa redio ya hapa kwetu akasimamisha kinasa sauti chake. Nje mji ulinyamaza hata kunguru wakasikika, na akina mama wengine wakaanza kuulizana nani amekufa. Mwalimu Winrose Adongo wa kemia alisimama karibu na spika. Gedion akaomba watu wasisogeze miguu. Mistari ikatulia ukutani, imenyooka, haina wasiwasi.

Ghafla ikacheza. Spika ikatoa mngurumo wa chini, ukapanda, ukateleza kidogo, ukapanda tena mpaka juu, kisha ukakatika. Kimya.

Sasa, Gedion alikuwa amewachezea watu sauti iliyonaswa na ile mitambo ya ng'ambo, dakika chache tu kabla ya hapo, nayo ilikuwa hivyo hivyo: inaanza chini, inapanda, inakatika. Afisa wa elimu alisimama nusu, macho yamemtoka.

"Mwalimu," akasema, "ndiyo hiyo?"

Gedion alijua. Ile kwikwi ya mkanda aliijua vile unavyojua kikohozi cha mama yako chumba cha pili. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema hapana, huo ni msumeno wa ndugu yangu, samahani, nilisahau kumwambia. Watu wangecheka, yangeisha. Lakini wangemuuliza, umesahauje ndugu yako? Akatazama ule umati.

"Misumeno yote ya Elburgon imezimwa," akasema.

Ona ujanja huo. Hakusema ni nyota. Aliacha watu waseme wenyewe, na walisema. Makofi yalipasua ukumbi, pasta akaomba sala ndefu ya shukrani, na jioni redio ikatangaza kwamba mwalimu wa Elburgon ameshika wimbi kutoka angani. Ashok akatuma salamu na boksi la peremende. Afisa akapiga simu kusema kitu hicho lazima kipelekwe Nakuru, wataalamu wa chuo kikuu wakione.

Unafikiri alilala? Kila pongezi ilimchoma. Madukani alipita upande wa pili wa barabara asipewe mkono. Winrose alimkuta ofisini akamuuliza kwa upole, si wewe uliyesema mtambo mmoja hauaminiki? Akamjibu vibaya, kwamba watu wa kemia wabaki na asidi zao. Winrose alichukua vitabu vyake akatoka, na Gedion akabaki pale anaona haya mpaka kwa viti.

Jumapili baada ya kanisa alishuka bondeni. Kipkoech alikuwa anapaka mkanda grisi. Alipomwona akafurahi sana, akajipangusa mkono kwenye overoli kabla ya kumsalimia, na akaunyoosha kwa tahadhari asimchafulie suti. Alisema redio ameisikia, na kwamba kule kwenye kibanda cha kahawa amewaambia wote huyo ni mdogo wangu. Kisha akashusha sauti.

Alisema kuna kitu kinamsumbua. Siku hiyo alikuwa ndio amewasha tu, Kipsang akaja mbio kumwambia zima, wenye misumeno wote wamenyamaza kwa sababu ya Mwalimu. Akazima papo hapo.

"Sikukuharibia kitu?" akauliza.

Gedion alitaka kusema hapana. Macho yakamwenda kwenye mkanda. Kipkoech akamtazama, akatazama trekta, akamtazama tena. Ilimfikia polepole, na uso ukamshuka.

"Kumbe ilikuwa mimi."

"Ilikuwa wewe."

"Na ulijua?"

"Nilijua hapo hapo."

Kipkoech alikaa juu ya gogo. Akachukua kitambaa cha grisi akaanza kupangusa kile kiganja chenye vidole vitatu, ingawa hakikuwa na kitu.

"Kwa Ashok ulienda," akasema. "Kwa Kipsang ulienda. Mimi niko hapa chini tu, Gedi. Si ungenipitia?"

Gedion akatamani ardhi ipasuke. Kipkoech hakumlazimisha kujibu. Akasema kwa ile sauti yake ya kawaida, sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho:

"Wacha iwe nyota. Mimi nitanyamaza. Nimezoea."

Hilo neno la mwisho ndilo Gedion alilopanda nalo mlima mpaka nyumbani. Kama Kipkoech angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kesho yake akamwomba mwalimu mkuu awaite tena watu. Wanafunzi wakajaa ukumbini, wazazi wa karibu wakaja, afisa wa elimu na mtu wa redio pia. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amempigia Kipkoech simu, akamwomba awashe msumeno atakaposikia simu ikiita. Kipkoech alijibu, tutaona.

Gedion akasimama mbele yao akasema yote. Alisema kile kitu hakiwezi kushika wimbi la angani hata kikae hapo milele, kwamba ule mlio ulikuwa msumeno, kwamba alijua na akanyamaza. Alimtazama Winrose akasema, ulikuwa sawa, nisamehe. Watu wakatazamana, kisha, jamani, wakaanza kutabasamu. Mwalimu mkuu akainuka kusema hii ndiyo alama ya msomi wa kweli, unyenyekevu. Akauliza, si Mwalimu mwenyewe alisema misumeno yote ilizimwa? Watu wakapiga makofi.

"Basi tazameni ukuta," Gedion akasema, na akapiga simu.

Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Mistari ukutani ilisimama wima, haitikisiki. Akapiga tena. Kule bondeni Kipkoech aliona jina la mdogo wake likiwaka, akaiacha simu juu ya gogo, na trekta akaiacha baridi. Alikuwa ameahidi kunyamaza, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Gedion aliutazama ule mwanga uliotulia. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtendea wema uliomuumiza kiasi hicho. Akampa Winrose simu ya ofisi, akamwomba asitoe macho ukutani na ampigie mistari ikicheza, akatoka mbio. Akapita katikati ya saiprasi, akaruka mfereji akaukosa, matope yakamfika magotini, suti ikanasa kwenye seng'enge ikararuka. Alifika bomani akihema.

Kipkoech alisimama kumzuia, akasema wacha hiyo mambo, utajiharibia jina. Gedion akampita. Alipanda kwenye trekta, akaiwasha, akashika wenzo wa mkanda alivyokuwa akifanya utotoni, na kuusukuma. Mlio ukaanza chini, ukapanda, ukateleza, ukapanda mpaka juu. Unga wa mbao uliokuwa umelala mezani ukaruka wote ukamvaa kichwani na mabegani.

Simu yake ikaita. Ilikuwa Winrose, na nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa unacheka, kicheko cha kuvunja mbavu.

"Tumeusikia," Winrose akasema. "Afisa anauliza huo msumeno ni wa nani."

Gedion akamtazama Kipkoech. Akaongeza sauti ya simu ili naye asikie.

"Mwambie ni wa ndugu yangu mkubwa, ndio ulionisomesha," akasema. "Mwambie tunakuja wote wawili, amwekee kiti cha mbele."

Kipkoech alikuwa ameinamisha kichwa. Alimkaribia mdogo wake, akainua ule mkono wenye vidole vitatu ampanguse bega, kama alivyokuwa akimpangusa zamani kabla ya kumpeleka shule. Gedion akaushika huo mkono akauzuia.

"Acha," akasema. "Twende hivi hivi."