Mikono Mitatu ya Rangi

Hakuwa na kitabu cha mashine. Hakuwa na vipuri vya dukani, kwa maana waliokuwa wakivitengeneza walifunga kazi kabla yeye hajaota ndevu. Hakuwa na cheti chenye muhuri ila kimoja, cha masomo ya jioni, cha kusoma na kuandika, alichokipata akiwa na miaka arobaini na miwili. Hakuwa na ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Hakuwa na karakana wala winchi ya kunyanyulia chuma kizito. Alikuwa na banda la bati nyuma ya nyumba, spana za kuazima, na mashine ya kupigia randa iliyomzidi umri.

Majirani walimwita Milimita. Walidai kwamba hata kitanda hukipima kwanza ndipo alale. Miaka thelathini aliisimamia mashine hiyo kwenye kiwanda cha mbao, na kiwanda kilipofungwa ikatupwa uani, ikala mvua hadi siku alipokwenda kuiomba. Aliifungua yote, nati kwa nati, akazipanga nati kwenye mikebe, akasugua kutu kwa miezi saba.

Sasa chuo cha ufundi wa useremala kilikuwa kimemwandikia. Kingeichukua mashine, na yeye aje nayo awe mwalimu siku tatu kwa wiki, mradi atume taarifa kwa maandishi: inafanyaje kazi, alikuta kasoro gani, alizitatuaje. Muhuri wa posta usipite Ijumaa. Barua hiyo aliisoma hata mikunjo ikaanza kutoboka. Mwalimu! Yeye aliyejifunza kushika kalamu wakati wenzake wanashika wajukuu.

Jumatano asubuhi alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme, kuunga nyaya. Alisimama mlangoni akajishika kiuno.

"Shemeji, hii ni mashine au bibi harusi?"

"Mikono mitatu ya rangi," alijibu Milimita, asiweze kuficha meno. "Mmoja wa kuzuia kutu, miwili ya kijani. Zunguka upande wowote, hutaona chuma kitupu, labda meza na visu."

"Kwa hiyo inang'aa. Je, inakata?"

"Unga nyaya wewe, acha domo."

Walipowasha, mota ilizunguka kinyumenyume. Shemeji akacheka, akazima, akabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, akawasha tena. Safari hii rola ya visu ilizunguka inavyotakiwa. Milimita akavua kofia. Akasukuma ubao wa kwanza.

Ubao ulitoka na mawimbi kama bati la paa. Mashine ilikuwa ikitetemeka, mikebe ya misumari ikicheza rafuni, mmoja ukaanguka. Alizima. Alikagua visu: viko sawa. Mkanda: uko sawa. Ila boliti nne zinazofunga viti vya beringi, vile viti viwili vya chuma vinavyobeba rola ya visu huku na huku, zote zilikuwa zimelegea.

"Hukukaza," alisema shemeji.

"Mimi? Mimi nisikaze boliti?"

"Basi zimejilegeza kwa hiari yao."

Alikaza hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Dakika kumi, zimelegea tena. Akabadilisha washa, zile pete bapa za chini ya boliti. Akatoa visu akavinoa, akavirudisha. Mawimbi yaleyale. Jua lilipopinda shemeji alifunga mkoba wake, akaaga bila utani, na kukosa utani huko kulimuuma Milimita kuliko utani wenyewe.

Alhamisi ilianza vilevile: kaza, washa, tetemeka, zima. Saa nne mkewe alimletea chai. Alikuwa fundi cherehani, mwenye futi shingoni hata siku asizoshona. Aliweka kikombe kwenye meza ya mashine, akainama.

"Baba, huu uchafu wa kijani kwenye boliti ni nini?"

"Rangi. Inabanduka kidogo. Nitapaka tena."

"Inabandukia wapi?"

"Chini ya kiti pale."

"Kwani chini ya kiti kuna rangi?"

"Kila mahali kuna rangi, mama. Nilipaka kipande kimoja kimoja kabla ya kuunganisha. Kazi safi."

Mkewe akasema polepole, "Unaikumbuka cherehani yangu? Ulipoipaka rangi nyeusi, ikaanza kuruka mshono?"

"Ule ulikuwa uzi mbovu."

"Uzi haukuwa mbovu. Nilingoja ulale usingizi wa mchana, nikafungua lile bamba la chini ya sindano, nikakwangua rangi uliyoipaka mle. Ikashona. Nikakuachia ushindi wako."

"Miaka yote hiyo!"

"Ulifurahi sana, nikaona haya kukuharibia."

Milimita alichukua spana. Alifungua boliti nne, akanyanyua kiti cha kwanza. Chini yake rangi ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa, nene upande huu, nyembamba upande ule. Kila alipokaza, alikuwa akiikandamiza rangi. Mashine ikipata joto, rangi inasogea, boliti zinalegea. Chuma hakikuwa kimekaa juu ya chuma hata siku moja.

"Mikono mitatu," alisema kwa sauti ndogo.

"Kunywa chai kwanza," alisema mkewe, akampa kisu chake kikuukuu cha kukatia kitambaa.

Siku nzima walikwangua, yeye viti, mkewe mahali vinapokalia, mpaka chuma kikaonekana cheupe. Ijumaa asubuhi aliunganisha, akakaza, akawasha. Chai aliyoiweka mkewe juu ya mashine ilitulia kikombeni. Ubao ulitoka, akaupitishia kiganja kwa macho yaliyofumbwa, na kiganja hakikukuta kitu. Baada ya nusu saa aligusa boliti kwa spana. Hazikusogea.

Shemeji, aliyerudi kwa hiari yake kuiaga mashine, alipiga mluzi. "Sasa andika. Sema beringi zilikuwa mbovu ukazibadilisha. Nani atajua?"

"Nikisema ukweli watauliza, huyu asiyejua mahali pa kupaka rangi atafundisha nini?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Milimita aliketi mezani, akafungua kalamu. Aliandika kichwa cha barua, tarehe, salamu. Aliandika "Beringi", akaisimamisha kalamu. Aliwaona wanafunzi ambao bado hajawaona, kila mmoja na brashi yake, wakiipenda rangi kama alivyoipenda yeye, na yeye amesimama mbele yao na neno hilo moja mfukoni. Alichukua karatasi nyingine.

*Kasoro kubwa niliileta mwenyewe,* aliandika kwa herufi zake zilizonyooka kama zilizopigwa rula. *Nilipaka rangi mahali ambapo chuma hukaa juu ya chuma. Siku mbili nililaumu boliti. Aliyenionyesha ni mke wangu, fundi cherehani. Mkinichukua, hilo ndilo litakuwa somo langu la kwanza.*

Mkewe alisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Na cherehani?"

"Mama, hiki ni chuo cha useremala."

"Na cherehani?"

Akaongeza mistari miwili. Shemeji alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Saa tisa na nusu alikunja karatasi mara tatu, kingo zikalingana. Alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole kile kifupi kutoka pembe hadi pembe, akabandika stempu. Aliibeba posta mwenyewe, kwa miguu, asiikunje. Karani aliipiga muhuri wa Ijumaa mbele ya macho yake, akaitupa kwenye gunia pamoja na nyingine.