Asili ya Korokoroni

Mhariri wa kamusi alitumwa kituoni na mkewe kwa jambo moja tu: akamdhamini shemeji yake, aliyekamatwa kwa kugombea uzio na jirani. Ilikuwa Ijumaa. Mkuu wa kituo akishaondoka na muhuri wake saa sita, ndiyo basi mpaka Jumatatu. "Saini, mchukue kaka yangu, rudini," mkewe alimwambia, neno kwa neno, kama anayemtuma mtoto dukani. Alimjua mumewe.

Mwezi mzima Mhariri alikuwa amekwama kwenye neno korokoroni. Maana alikuwa nayo: chumba cha kuwekea mahabusu. Asili yake ndiyo iliyomkosesha raha. Basi alipomwona askari wa zamu, habari za dhamana zikamtoka kichwani.

"Hivi, afande, korokoroni ni neno la wapi?"

"La hapahapa," askari akamjibu bila kufikiri. "Si mlio wa komeo hilo? Koro, koro."

Nusura Mhariri aruke kwa furaha. "Hebu fungua nisikie!"

Askari akafungua. Ndani, shemeji yake akainuka upesi, viatu mkononi. "Mungu akubariki, shemeji."

"Funga," Mhariri akasema, sikio mlangoni. "Fungua tena. Taratibu."

Mara saba mlango ulifunguliwa, na mara saba yule bwana akainuka na viatu vyake. Mara ya nane hakujisumbua. Mhariri alijaza kadi nne za kamusi yake, akahitimisha kwa masikitiko kwamba komeo lile linakwaruza tu. Alipokumbuka kutoa kitambulisho, gari la mkuu lilikuwa limeshatoka getini.

Jumatatu mkewe alikwenda mwenyewe. Shemeji akaingia nyumbani ananuka, macho mekundu, akajibwaga kwenye kiti.

"Lile neno lako," akasema, "andika: mahali mtu anapomngoja shemeji yake."

Mtu mwenye haya angetamani ardhi ipasuke immeze. Mhariri yeye akatoa kadi. "Shemeji wa kiume tu," akauliza, "au wote?"

Mkewe alimshika mkono, akamtoa nje na kadi yake, akarudi ndani na kusukuma komeo kwa nguvu zake zote. Na msomi wetu, badala ya kubisha hodi na kuomba radhi, akainama kwenye tundu la ufunguo, akatega sikio.